Keekee ya betri: mwongozo kwa mafundi wa Lubaga wa kuchagua chombo cha kutegemewa

Kilima cha Lubaga, upande wa magharibi wa jiji la Kampala, kinajulikana mbali kwa kanisa kuu la Mtakatifu Maria lililojengwa kileleni mwake. Lakini anayeshuka kuelekea Ndeeba, kisha akaifuata barabara ya Masaka kupitia Nalukolongo hadi Nateete, hulakiwa na sauti nyingine: misumeno, randa za umeme, nyundo na mashine za kuchomelea. Huko ndiko vinakotengenezwa vitanda, milango, kabati, madirisha na mageti yanayopelekwa katika nyumba za Kampala na miji ya jirani. Na katika karibu kila kazi hizo, tundu hutobolewa na skrubu hufungwa.

Chombo cha kazi hiyo ni keekee, ambayo mafundi wengi wa leo huiita drili. Siku hizi keekee ya betri imekuwa mkono wa kulia wa seremala, fundi wa alumini, fundi umeme na fundi wa dari. Madukani imejaa ya kila rangi na kila bei. Baadhi humtumikia fundi kwa miaka. Nyingine huungua kabla mteja wa kwanza hajamaliza kulipa. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha.

Mambo makuu kwa ufupi:

- Anza na kazi unayoifanya, kisha ndipo uchague mashine.
- Namba kubwa ya volti ubavuni si ushahidi wa nguvu.
- Unaponunua keekee ya betri, kwa hakika unachagua aina ya betri utakayoishi nayo kwa miaka.
- Dai risiti na dhamana ya maandishi, na uijaribu mashine mbele ya muuzaji.
- Joto, vumbi na chaja isiyo yake ndiyo maadui wakubwa wa betri.

Je, ni lazima iwe ya betri?

Swali hili huulizwa na wachache, nalo lingestahili kuwa la kwanza. Fundi anayefanya kazi mahali pamoja, kwenye karakana yenye umeme wa uhakika na soketi karibu na meza, anaweza kuhudumiwa vyema na keekee ya waya. Kwa fedha ileile hupata nguvu zaidi, na hahitaji kununua betri mpya baada ya miaka michache.

Keekee ya betri ina faida pale fundi anapohama na kazi. Anayefunga kabati nyumbani kwa mteja, anayeweka dari juu ya ngazi, au anayefanya kazi katika jengo ambalo bado halijaunganishiwa umeme, hana budi kubeba nguvu yake mwenyewe. Pia ina faida umeme unapokatika. Uganda imeongeza sana uzalishaji wa umeme. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Hata hivyo, umeme unaozalishwa mtoni ni jambo moja, na umeme unaofika kwenye soketi ya karakana ni jambo jingine, kwa kuwa njiani kuna nyaya, nguzo na transfoma. Kazi hiyo ya usambazaji ilichukuliwa na kampuni ya umma ya UEDCL tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Kwa fundi aliyeahidi kukabidhi kitanda Jumamosi, betri mbili zilizojaa ni bima dhidi ya saa za giza.

Chombo kilikotoka

Kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza keekee ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Mwaka 1917 kampuni ya Marekani ya Black & Decker ilipata hataza ya keekee yenye mpini wa bastola na swichi ya kidole, umbo ambalo halijabadilika sana hadi leo. Kampuni hiyohiyo ilitoa keekee ya betri mwaka 1961, na muongo mmoja baadaye ilishiriki kutengeneza keekee ya betri iliyotumiwa na wanaanga wa Apollo 15 kutoboa ardhi ya mwezi, mwaka 1971.

Kwa miaka mingi betri hizo zilikuwa za nikeli na kadimiamu: nzito, na zenye kuchoka upesi. Mabadiliko makubwa yaliletwa na betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991 na kuanza kutumika kwa wingi katika zana za mafundi kuanzia mwaka 2005. Wanasayansi watatu waliozifanikisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Nasi wa Afrika Mashariki na Kati tumo katika habari hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti inayotumiwa katika betri nyingi za lithiamu huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Seremala wa Ndeeba hushika mbao za aina nyingi. Paini ni laini kiasi, musizi vilevile. Lakini mvule na mugavu humpa jasho mtu na mashine yake. Kwa samani na kabati, keekee ya volti 18 ya daraja la kati hutosha. Fundi anayefunga bawaba, vitasa na reli za droo peke yake anaweza hata kutumia ya volti 12, ambayo ni nyepesi na huingia mahali pembamba.

Fundi wa chuma na alumini anahitaji mashine yenye gia mbili. Chuma hutobolewa kwa mwendo wa polepole na mkandamizo thabiti. Anayekitoboa kwa mwendo wa kasi huiunguza ncha ya biti kabla haijapenya. Mara nyingi lawama hupewa mashine ilhali kosa ni mwendo, au biti butu.

Fundi umeme na fundi bomba hutoboa kuta. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Tofali la udongo la kuchoma, linalotumika sana Uganda, ni laini, na keekee yenye mfumo mdogo wa kugonga hulitoboa bila taabu. Zege la nguzo na sakafu ni jambo jingine. Anayetoboa matundu machache ya milimita 6 au 8 anaweza kuvumilia, lakini anayetoboa kumi au ishirini kwa siku anahitaji mashine maalumu ya kugonga, ile inayotumia biti zenye mashina ya SDS. Kuilazimisha keekee ya kawaida kufanya kazi hiyo ni kuinunulia jeneza.

Ipo pia mashine fupi inayofunga skrubu kwa mapigo ya kuzungusha, ambayo hushika biti zenye shina la pembe sita. Kwa skrubu ndefu za paa na fremu ina nguvu kuliko keekee, wala haimsokoti mtumiaji mkono. Lakini haina klachi ya kupima nguvu, na kwa kazi nyororo inaweza kuzamisha skrubu hadi ikapasua mbao. Mafundi wengi wenye uzoefu huwa nazo zote mbili: moja ya kutoboa, nyingine ya kufunga.

Kusoma namba zilizoandikwa ubavuni

Namba ya kwanza ni volti. Ndani ya betri kuna seli, yaani betri ndogo za mviringo zilizounganishwa. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika zaidi katika zana hizi huhesabiwa kuwa na wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika takriban 4.2. Betri yenye seli tano zilizofuatana ina wastani wa volti 18. Kampuni nyingine huiita betri hiyohiyo ya volti 20, kwa kupima ikiwa imejaa, na nyingine huiita ya 21. Kwa hiyo 18, 20 na 21 huweza kuwa kitu kimoja chenye majina matatu. Vivyo hivyo, 10.8 na 12 zote hutokana na seli tatu.

Hapo ndipo ulaghai unapoanzia. Sokoni kuna mashine zilizoandikwa 48, 88, 128 na hata zaidi, mara nyingi zikifuatiwa na herufi VF. Ili kupata volti 88 za kweli zingehitajika seli zaidi ya ishirini zilizofuatana, na betri ya namna hiyo isingeingia katika mpini wa keekee. Ukiipima kwa kipimo cha umeme, kwa kawaida utakuta ni seli tano, na pengine pungufu. Namba hiyo ni pambo tu, wala si kipimo.

Namba ya pili ni uwezo wa kuhifadhi umeme, unaoandikwa Ah. Zidisha volti kwa Ah, nawe utapata nishati yote iliyomo, kwa wati-saa. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina wati-saa 36. Ya Ah 5 ina wati-saa 90. Ya pili itafanya kazi zaidi ya mara mbili ya muda wa ya kwanza, lakini ni nzito zaidi. Anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa hupendelea betri mbili ndogo za kubadilishana kuliko moja kubwa.

Namba ya tatu ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita na kuandikwa Nm. Kwa useremala wa kila siku, mashine yenye Nm 40 hadi 60 inatosha. Watengenezaji wengi hutoa namba mbili: moja kwa mzigo laini, nyingine kwa mzigo mgumu, na ya pili ndiyo kubwa. Unapolinganisha mashine mbili, linganisha namba za aina moja.

Mwisho, tazama taya, yaani sehemu inayoikamata biti. Ya milimita 10 inatosha kwa kazi nyepesi; ya milimita 13 inaruhusu biti nene zaidi. Taya ya chuma hudumu kuliko ya plastiki.

Mota yenye brashi na isiyo na brashi

Mota ya zamani hupitisha umeme kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua, vinavyoitwa brashi. Vipande hivyo huisha kwa matumizi. Mota mpya haina brashi. Umeme wake huongozwa na kibao cha elektroniki. Haisuguani, hivyo hutumia betri kidogo zaidi, hupata joto kidogo na hudumu.

Je, fundi wa Lubaga achague ipi? Jibu hutegemea nani ataitengeneza. Mota ya brashi ikigoma, na kama imeundwa ili brashi zibadilishwe, ukarabati wake huchukua muda mfupi na gharama ndogo. Kibao cha elektroniki cha mota isiyo na brashi kikiungua, mara nyingi hubadilishwa chote, na bei yake huumiza. Kwa hiyo mota isiyo na brashi ni bora ikiwa inatoka kwa kampuni yenye vipuri na wakala mjini. Ya jina lisilojulikana, yenye bei ya kushangaza, ni heri kuiacha na kununua ya brashi ya kampuni inayoaminika.

Chagua ukoo wa betri

Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Anayenunua keekee leo huenda mwakani akahitaji msumeno wa duara, mashine ya kusaga au taa ya kazi. Akibaki katika ukoo uleule wa betri, atanunua mashine tupu kwa bei nafuu na kutumia betri alizo nazo. Akichanganya, atajikuta na chaja nne ukutani na betri zisizoingiliana.

Kampuni kama Makita ya Japani, Bosch ya Ujerumani na DeWalt ya Marekani zina historia ndefu katika zana za mafundi. Zipo pia za Kichina, kama Total na Ingco, ambazo zimeenea Afrika Mashariki kwa bei ya chini. Jina peke yake halitoshi. Kila kampuni ina mashine za nyumbani, zilizokusudiwa kutundika picha na kurekebisha kabati mara mojamoja, na mashine za kazi, zilizokusudiwa kutumika kutwa. Zote zinaweza kuwa na rangi moja. Muulize muuzaji ni ya daraja gani, kisha uulize maswali matatu: Betri ya ziada ya aina hii inauzwa wapi Kampala? Bei yake ni kiasi gani? Je, miaka miwili ijayo itakuwa bado inapatikana? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza amekwisha kukusaidia kuamua.

Kuitambua ya bandia

Majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi. Hakuna alama moja inayotosha, lakini zikikusanyika kadhaa, ondoka.

Tazama maandishi: tahajia mbovu, nembo iliyobandikwa na kuanza kubanduka, au namba ya utambulisho iliyo kwenye sanduku lakini haipo kwenye mashine. Shika betri mkononi. Betri ya Ah 5 kwa kawaida ina seli kumi, na uzito wake hudhihirika. Betri inayodai Ah 5 huku ikiwa nyepesi kama ya Ah 2 inasema uongo. Tazama viungo vya plastiki: katika mashine halisi hukutana bila pengo. Na uikumbuke bei. Ikiwa duka moja linauza kwa theluthi ya bei ya maduka mengine yote, swali la kujiuliza ni moja tu: wao wamepunguza nini?

Kuhusu mashine zilizotumika kutoka Ulaya na Ghuba, zipo nzuri. Lakini ukiona betri iliyoandikwa Ni-Cd, ujue ni ya kizazi kilichopita. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu uuzaji wa betri hizo kwa zana zisizo na waya mwishoni mwa mwaka 2016, kwa sababu ya sumu ya kadimiamu. Mota yake inaweza kuwa hai, lakini betri yake pengine imekaribia mwisho, na mpya ni vigumu kuipata.

Majaribio ya dakika kumi dukani

Beba kipande cha mbao ngumu, skrubu kadhaa na biti moja iliyonyooka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

1. Funga biti, washa mashine polepole, utazame ncha. Ikitikisika kwa kuchora duara hewani, taya au mhimili haujanyooka, na matundu yako hayatanyooka pia.
2. Kandamiza swichi kidogokidogo. Mwendo uongezeke taratibu, usiruke ghafla.
3. Achia swichi. Mashine nzuri husimama mara moja. Inayoendelea kuzunguka kwa muda mrefu haina breki.
4. Badilisha gia na mwelekeo. Sikiliza kama kuna sauti ya kukwaruza.
5. Weka klachi kwenye namba ndogo na ufunge skrubu. Iachie yenyewe inapofika mwisho. Panda namba moja moja uone tofauti.
6. Toboa ile mbao ngumu matundu matano mfululizo. Kisha nusa. Harufu ya kuungua katika mashine mpya ni onyo.
7. Chomeka chaja, uone kama taa zake zinawaka ipasavyo.

Risiti, dhamana na sheria

Ununuzi bila risiti ni ununuzi bila ushahidi. Risiti iandikwe jina la duka, tarehe, aina ya mashine na namba yake ya utambulisho. Dhamana nayo isomwe kabla ya kulipa: Je, inahusu betri au mashine tu? Ni ya miezi mingapi? Nani anayetengeneza, na wapi? Dhamana nyingi hazimhusu anayeitumia mashine ya nyumbani kwa kazi ya biashara.

Nchini Uganda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi: bidhaa inayouzwa kwa maelezo haina budi kulingana na maelezo hayo, na mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia ana haki ya kutarajia chombo kinachoifaa kazi hiyo. Kwa hiyo mwambie muuzaji waziwazi, “Nataka ya kutoboa mvule kutwa,” na ikiwezekana liandikwe kwenye risiti. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lenye makao yake makuu Bweyogerere, ndilo lenye jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa, na bidhaa za umeme zinazoingizwa nchini zimo katika utaratibu wa kukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Mnunuzi aliyeuziwa bidhaa bandia au hatari anaweza kupeleka malalamiko yake huko.

Kwa ndugu walio ng'ambo

Wasikilizaji wengi huombwa na jamaa zao watume au waje na mashine. Ni zawadi njema, lakini kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni umeme. Uganda hutumia volti 240. Chaja kutoka Ulaya, Australia au Ghuba nyingi zitafanya kazi kwa kubadilisha plagi. Chaja kutoka Marekani, Kanada au Japani, iliyoandikwa volti 120 au 100 peke yake, itaungua mara tu itakapochomekwa Ndeeba. Soma maandishi mgongoni mwa chaja: yakisema 100 hadi 240, haina shida. La sivyo, nunua chaja ya volti 240 ya kampuni hiyohiyo, ukihakikisha kwanza kwamba inaichaji betri ya aina hiyo.

Wa pili ni safari ya ndege. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Hubebwa mkononi, nchani mwake zikiwa zimefunikwa zisigusane na chuma. Zile zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa, na zinazozidi hapo hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Ndiyo maana hesabu ya volti mara Ah ina faida hata uwanjani: betri ya volti 18 na Ah 5, yenye wati-saa 90, imo ndani ya mpaka. Mashine yenyewe, bila betri, huwekwa katika sanduku la mizigo. Uliza shirika lako kabla ya siku ya safari.

Kutunza ili idumu

Betri ya lithiamu huchukia joto. Isiachwe chini ya mabati yenye jua, wala kwenye dirisha la mbele la gari. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, ipumzishwe kwanza ndipo ichajiwe. Mashine ikianza kulegea kwa kukosa nguvu, simamisha kazi uchaji. Kuikamua hadi tone la mwisho huzidhoofisha seli. Ikiwa hutaitumia kwa mwezi mzima, iache ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu.

Vumbi la mbao huziba matundu ya hewa na kuifanya mota ipate joto. Lipulizwe kila jioni. Katika miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, mashine isilale juu ya sakafu ya karakana isiyo na mlango thabiti.

Betri iliyokufa inaweza kufunguliwa na kuwekewa seli nyingine, na wapo mafundi Kampala wanaofanya kazi hiyo. Lakini seli zote zibadilishwe pamoja, ziwe za aina moja, na ziwe zile zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Seli zilizotolewa katika kompyuta ya zamani hazikuundwa kwa kazi hiyo, na kibao cha ulinzi kilichomo ndani ya betri kisirukwe kwa waya.

Hapa pana jambo zito zaidi ya fedha. Moto umewahi kuteketeza karakana na maghala ya mbao ya Ndeeba zaidi ya mara moja, na hapo mtaji wa miaka mingi hugeuka majivu kwa usiku mmoja. Betri isichajiwe usiku kucha karakanani bila mtu, wala juu ya meza yenye takataka za randa. Iwekwe juu ya tofali au bati, mbali na mbao na vanishi. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa haichajiwi tena, wala haitupwi katika takataka za kawaida.

Hesabu ya mwisho

Tuchukue mfano wa kuwazia tu. Seremala mmoja ananunua keekee ya shilingi 250,000, nayo inadumu miezi minane. Katika miaka minne atanunua sita, yaani shilingi 1,500,000. Mwenzake ananunua ya shilingi 800,000 iliyodumu miaka minne, na katikati akaongeza betri mpya ya 250,000. Jumla yake ni 1,050,000. Tofauti ni shilingi 450,000, na bado hatujahesabu siku ambazo wa kwanza alisimama kazi, wala wateja waliochoka kusubiri.

Ni kweli kwamba si kila fundi ana 800,000 mkononi siku moja. Umaskini una gharama yake, na mojawapo ni kulazimika kununua kitu rahisi mara nyingi. Kwa aliye katika hali hiyo, zipo njia. Anaweza kuanza na keekee ya waya ya kampuni nzuri, huku akiweka akiba katika kikundi au chama cha kuweka na kukopa. Wawili wanaofanya kazi karakana moja wanaweza kuchagua ukoo mmoja wa betri na kuazimana. Anaweza pia kununua mashine nzuri yenye betri moja, kisha akaongeza ya pili baada ya kazi tatu au nne. Jambo asilopaswa kulifanya ni kukopa ili anunue namba 128 iliyoandikwa kwa rangi nyekundu.

Mteja anayengoja mlango wake hataiona keekee wala hatauliza volti zake. Ataona bawaba iliyonyooka, skrubu isiyochomoza, na fundi aliyefika siku aliyoahidi.